Kopo la Usumba kwenye Lori la Mzee Makame

Wiki niliyoacha kazi, mafundi watatu wa karakana walikuja nyumbani kwangu mtaa wa Amani, hapa Unguja, kuniaga. Waliniletea halua. Ilikuwa ya juzi, lakini niliila na sikusema kitu. Walipokuwa wakivaa viatu mmoja wao akaniuliza, "Bi Rukia, kabla hujatusahau, hebu tuambie neno moja la kweli. Lori la tabo linataka kile kinasa oili au halitaki?" Nikamwambia nitaandika, maana swali hilo watu wakilijibu kwa mdomo hupandishiana sauti, na sauti yangu mimi nshaimaliza kwa madereva.

Basi naandika. Mishahara sitaitaja kwa sababu haina la kutajwa. Vyeo pia nitavipita, isipokuwa kimoja, na hicho kitakuja chenyewe mahali pake.

Niliingia karakana mwaka wa themanini na tano, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mjane, nikiwa karani wa stoo ya spea. Karakana yenyewe ilikuwa kiwanja cha mchanga na paa la bati, na malori sita maiti na mawili yaliyojitia uzima. Kazi yangu ilikuwa kuandika nani kachukua spana gani. Fundi alikuwa akichukua spana namba kumi na saba asubuhi, jioni ananirudishia namba kumi na tisa, nikimuuliza ananambia imevimba kwa jua. Nilipochoka kufanywa mjinga nikaanza kuzifuata spana zangu mpaka chini ya gari, nizione zinafanya nini huko. Ndivyo nilivyojifunza ufundi. Hakuna aliyenifundisha kwa kupenda, ila mtu mmoja.

Mtu huyo ni fundi wetu mkuu, Ami Nassor, mwenyeji wa Malindi ya hapahapa mjini Unguja, mrefu, mkavu, ndevu nyeupe zenye ncha nyeusi ya oili. Wazee wake walikuwa watu wa mashamba ya karafuu. Yeye alirithi saa ya mfukoni isiyokwenda, pamoja na adabu nyingi ambazo pale karakana hazikuwa na mnunuzi. Siku aliponikuta chini ya lori mara ya kwanza hakunifukuza. Alichuchumaa akaniambia, "Rukia, maadam ushachafuka, bora ujue umechafuliwa na nini."

Akanionyesha mpira mnene uliotoka kwenye tumbo la injini ukaning'inia chini, unatoa moshi mwembamba na tone mojamoja la oili. "Huu mpira wa pumzi," akasema. "Pistoni zikipiga, moshi kidogo hupenya kwenye ringi ukaingia tumboni. Sharti upate pa kutokea. Mtu akila maharage hatafuti pa kutokea?"

Nikasema, "Hutafuta, Ami."

"Basi na injini vilevile. Tena yenyewe haina haya kama wewe. Usije ukaiziba."

Nilicheka mpaka nikagonga kichwa kwenye ekseli. Kovu ninalo.

Vyombo vya kupimia tulivyoviona kwenye vitabu hatukuwa navyo, kwa hiyo Ami Nassor alikuwa na vipimo vyake viwili. Cha kwanza, injini ikiwa inanguruma polepole, unafungua kifuniko cha kutilia oili, unakigeuza na kukiweka juu ya tundu lake bila kukifunga. Kikitikisika kidogo, injini nzima. Kikiruka kikaanguka chini, ringi zimekwisha, mwambie mwenye gari akae kitako kwanza ndiyo umpe habari. Cha pili, mpira mwembamba unaoonyesha ndani, kaupinda na kuupigilia kwenye ubao, katia maji. Upande mmoja unauchomeka kwenye tumbo la injini, na maji yakipanda upande wa pili unajua pumzi ina nguvu kiasi gani. Mpaka naondoka, ubao ule ulikuwa bado ukutani. Msiutupe, nyinyi watu, nakujueni.

Miaka ya tisini ilipoingia zikaanza kuteremka lori za tabo, zenye ile feni ya kuisukumia injini hewa, mitumba ya Kijapani iliyopitia Dubai. Loo, madereva wetu walipagawa. Tabo inapiga mluzi, na dereva wa Unguja akipewa gari yenye mluzi hatulii. Alikuwapo mmoja akipunguza gea kila akifika sokoni Mwanakwerekwe, hana mzigo, hana kilima, ili tu wauza tungule waisikie.

Furaha ikaingia mchanga walipofungua mipira ya hewa wakaona ndani mna oili. "Bi Rukia, tabo inanyea!" Kila siku kilio hicho. Ami Nassor akawa anawaeleza kwa upole, mtu baada ya mtu, kwamba kwenye gari hizi ule mpira wa pumzi hauning'inii tena chini, umerudishwa kwenye njia ya hewa, kwa hiyo injini inavuta ule mvuke wake wenyewe. Utando wa oili ndani ya mpira ni jambo la kawaida. Ukikuta dimbwi, hapo tafuta sababu: ringi, au bomba linaloteremsha oili kutoka kwenye tabo limeziba, au dereva kajaza oili kupita alama. Hii ya tatu ndiyo ilikuwa yetu. Walikuwa wakijaza mpaka juu, eti injini ishibe.

Ndipo alipotokea Bwana Johari. Jina lake la kweli nalificha, ana wajukuu. Alikuwa na duka la spea, na kila chuma alichokiuza alikisifia kama kito. Siku hiyo alikuja karakana na kopo la alumini linalong'aa, lina mipira miwili na kioo kidogo ubavuni. Akalipandisha juu ya boneti ya gari, akafungua koki ya chini, ikachuruzika oili nyeusi kwenye kikombe.

"Tazameni!" akasema. "Uchafu wote huu mlikuwa mkiulisha injini zenu. Hiki ni kinasa oili. Mvuke unaingia huku, oili inabaki, hewa safi inatoka kule. Tabo bila ya hiki haifiki mwaka."

Ami Nassor akauliza, "Gari ilikotoka oili hiyo ni ipi?"

"Ile pale, ya kwangu."

"Unayo tangu lini?"

"Mwaka wa sita huu."

"Na kinasa umekitia lini?"

"Wiki iliyopita."

"Mashallah," Ami Nassor akasema, akarudi kazini kwake.

Tulicheka sisi mafundi. Madereva hawakucheka, walikwenda kununua. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Baada ya miezi michache ilikuwa aibu kuwa na lori lisilo na kopo. Mmoja alilitia kwenye gari ambayo haina hata hiyo tabo. Mwingine alilifunga mbele ya bampa, bila mpira wowote, ili lionekane vizuri. Nilimuuliza linafanya kazi gani pale, akanambia, "Linalinda." Toba.

Jibu la swali lenu basi ni hili, na ni la Ami Nassor, mimi naliandika tu. Injini nzima hailitaki kopo. Injini mbovu kopo haliiponyi, ni sawa na mtu ana kifua ukamnunulia leso ya kutemea. Litasaidia kidogo kuweka njia ya hewa safi, ikiwa limetengenezwa sawasawa, linapitisha pumzi bila kuikaba, na yupo mtu wa kulimwaga kila baada ya siku chache. Na dereva asiyetazama maji ya rejeta mpaka aone mvuke, huyo ndiye atakayekumbuka kumwaga kopo? Hebu niondokeeni.

Ningeishia hapo mngeniona mwanamke wa maana. Lakini nimewacheka watu kurasa mbili nzima, na mjinga mkubwa kuliko wote bado sijamtaja. Hakuwa Bwana Johari.

Alikuwapo mzee mmoja wa Uroa, Mzee Makame. Aliuza ng'ombe wake na kipande cha minazi akanunua lori moja la tabo, akawa anachukua mawe na mchanga kupeleka kwenye mahoteli yaliyokuwa yakijengwa pwani ya kwao. Lori lile ndilo lililokuwa likilisha nyumba mbili, yake na ya dada yake mjane. Alilipenda, akilipiga maji kila Ijumaa. Alikuja kwetu na huzuni. "Ami Nassor, wenzangu wote wana kopo. Langu litakufa." Ami Nassor akaweka kifuniko juu ya tundu, kikatikisika kidogo tu. Akauchomeka ubao wake, maji hayakupanda. Akamwambia, "Makame, gari yako nzima. Nenda zako, na mtu yeyote akitaka kuigusa hapo mkatalie, isipokuwa mimi."

Makame aliondoka, lakini hakutulia. Wiki ya pili akarudi, na Ami Nassor siku hiyo kaenda shamba kuzika. Akanikuta mimi. Na mimi siku zile nilikuwa nshaanza kuitwa Fundi Rukia, nimevimba kichwa. Nikamwambia kopo la Bwana Johari halina ajabu, nitamtengenezea mimi.

Akaniuliza, "Ami Nassor kakubali?"

Nikamwambia, "Kakubali."

Neno moja. Sijui kwa nini lilitoka jepesi vile. Nafikiri nilitaka fundi mkuu akirudi akute kazi ishakwisha na watu wanaisifia.

Nilichukua kopo kubwa la maziwa ya unga. Ndani linahitaji kitu cha kunasa mvuke, na nikajiona nina akili: usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi! Mke wa Makame alikuwa akisokota kamba, makumbi anayafukia pwani kama wenziwe wote, usumba wa nyumbani kwao safi kabisa. Makame akaleta kikapu. Nikaushindilia ndani ya kopo, nikatia mpira wa kuingilia na mpira wa kutokea, kisha nikakilehemu kifuniko pande zote kwa risasi lisivuje hata tone. Lilikuwa likimeremeta! Madereva walijaa kulitazama. Wakaliita Kopo la Bi Rukia, na wawili wakataka niwatengenezee na wao.

Ami Nassor aliporudi akaambiwa. Akaja stoo, hakuniuliza kama nilimsingizia, maana hilo hakulijua. Aliuliza, "Linafunguliwa vipi?"

"Halifunguliwi, Ami. Nimelilehemu."

"Na usumba ukishiba oili?"

"Itachuruzika chini."

"Kamba za usumba watu hufungia vyombo vya baharini, Rukia, kwa sababu ukirowa huvimba ukakaza. Mwite Makame arudi, likate. Leo."

Nikasema, "Ntamwita, Ami."

Sikumwita. Kulikata kopo lile mbele ya wale wale walionisifu niliona taabu kubwa. Nikasema kesho, nikasema Jumamosi. Mvua za masika zikaanza, nikasema zikipungua.

Yaliyotokea nayajua kwa maneno yake Makame. Alikuwa na shehena ya mawe, keshapita Dunga anaelekea Chwaka, mara gari ikaanza kupandisha mngurumo yenyewe. Kaondoa mguu kwenye mafuta, inazidi. Moshi mweupe umefunika barabara. Akakanyaga breki, akasimama pembeni, akazima. "Ufunguo nlikuwa nnao mkononi, nimeutoa," alisema, "na gari inanguruma kama ina pepo." Hakujua la kufanya, na nani angejua? Alisimama kando na ufunguo wake mpaka ukasikika mlio mmoja wa chuma, na mkono wa pistoni ukatoboa bloku ukatokea nje.

Usumba ulikuwa umekunywa oili na mvuke wa maji ukawa uji mzito, ukavimba, pumzi haina pa kupita. Tumbo la injini likajaa upepo. Oili ya tabo, ambayo ilitakiwa iteremke tumboni, ikakosa njia, ikapenya kwenye sili inayoizuia ikaingia kwenye hewa inayovutwa. Na injini ya dizeli haichagui, inachoma chochote inachopewa. Ilikunywa oili yake yenyewe mpaka ikafa.

Lori lilivutwa hadi karakana. Tukasimama wote: tajiri wetu mwenye karakana, mafundi, Mzee Makame, na Bwana Johari, ambaye hakuna aliyemwita ila harufu ya msiba wa spea aliisikia tangu dukani. Ami Nassor akalipasua kopo kwa tindo. Ukatoka uji wa kahawia, unanuka.

"Si nlisema!" Bwana Johari akarukia. "Vya kienyeji hivi!"

Makame hakumtazama. Alimtazama Ami Nassor. "Nassor, wewe ndiye ulonambia gari nzima, nisikubali mtu aiguse. Kisha ukageuka ukaridhia nitiwe kopo hili?"

Ami Nassor akageuza uso polepole akaniangalia. Hapo ndipo alipojua kwamba nilimsingizia. Nami nilikuwa na mdomo, nina ulimi, mchana kweupe, na neno lenyewe lilikuwa fupi. Nikatazama chini, nikajitia kuokota tindo.

Akasema, "Kosa langu, Makame. Mimi ndiye fundi mkuu hapa."

Makame akatema mate chini, akaondoka kwa miguu. Tajiri naye alimwambia Ami Nassor mbele yetu, "Mzee, ushachoka. Kapumzike nyumbani." Mtu wa miaka thelathini kazini, kaambiwa kama anatumwa dukani. Alikunja kitambaa chake, akaacha spana zake zote, akenda zake Malindi. Wiki iliyofuata fundi mkuu nikawa mimi. Cheo hicho ndicho nilichokusudia, na sasa mnajua nilikipataje.

Nilimwendea nyumbani kwake baada ya siku chache, nikalia. Akaninyamazisha. "Mimi nshazeeka. Wewe ungefukuzwa pale, karakana gani nyingine ingempa mwanamke spana? Ila kamwambie Makame. Mimi sitamwambia, hilo lako."

"Ntakwenda, Ami."

Nyinyi mshanijua mimi na hizo ntakwenda zangu. Nilikuwa fundi mkuu, nikawa mkali, nikawatukana madereva kwa makopo yao, na nyinyi mkanicheka na kuniogopa. Miaka ikapita. Ami Nassor akafariki. Siku ya msiba Malindi ilijaa mafundi wa Unguja nzima, na watu walisema kwa sauti ya chini, Makame wa Uroa hakuja.

Mwezi uliopita, sasa sina karakana ya kujifichia, nilikwenda Uroa. Nilimkuta Mzee Makame langoni kwenye hoteli mojawapo aliyoichukulia mawe. Ni mlinzi. Wamemvisha kofia ya buluu.

"Shikamoo, Mzee Makame."

"Marahaba, Bi Rukia! Umekuja kuogelea na Wazungu?"

Nilikuwa nimejipangia maneno njia nzima, yote yakapotea. Nikamwambia tu. Ami Nassor hakukubali kopo. Alikuwa shamba anazika. Aliporudi aliniamrisha nikuite nilikate, na sikukuita. Nilikudanganya mimi, na yeye akanisitiri.

Nilitarajia anifukuze. Nilitarajia anitukane, na Wallahi ningefarijika. Alikaa kwenye kiti chake cha plastiki, akavua ile kofia, akaiweka gotini.

"Lori ni chuma," akasema. "Lori nshalisahau. Lakini Nassor nlikuwa nkimlaani, Bi Rukia. Nkisali namlaani. Waliponambia kafa, nlisema bora. Nlisema kwa mdomo huu, bora, mbele ya watoto wangu." Machozi yakawa yanamtiririka kwenye ndevu. "Miaka yote hiyo ulikuwa na neno la kunizuia, na ulinyamaza. Sasa nimuombe radhi nani?"



Akainuka, akamwita mwenziwe amshikie lango. "Ana watoto?"

"Ana binti, yuko nyumba ile ile."

"Nipeleke."

Tulifika Malindi baada ya alasiri. Ngazi za nyumba ile ni kali, alipanda anashika ukuta, mimi nyuma yake. Binti wa Ami Nassor alifungua mlango, akamwamkia, akatukaribisha. Makame alikataa kuingia. Alisimama kizingitini, mzee wa watu, kofia ya ulinzi mkononi.

"Mwanangu," akasema, "mimi Makame wa Uroa. Nimekuja kuomba radhi. Nlimlaani baba yako mpaka kaburini kwa kosa ambalo si lake."

Yule binti akamtazama, kisha akanitazama mimi, ambaye nimekula wali nyumbani mwake kila Idi tangu babake afe.

"Kosa la nani?" akauliza.

Makame alisogea pembeni akanipisha.

"Langu," nikasema.